Bakuli la chai la Kijapani lenye ufa: ipi ni kasoro na upi ni uzuri wake?

Lanet_Vyungu (Nakuru)

Wadau wa ufinyanzi, hamjambo? Natafuta mtu anayevielewa vyombo vya zamani vya sherehe ya chai ya Japani. Kuna bakuli nimekabidhiwa nilikague kabla wenyewe hawajaamua kuliuza au kubaki nalo.

Upana wa mdomo ni sentimita 11 na nusu, kimo 8, uzito gramu 380. Ni jeusi lisilong'aa sana, na gilezi yake, ile ngozi ya kioo, ina vitundu vidogo kama ganda la chungwa. Mdomo unapanda na kushuka. Ubavuni kuna alama ya kubanwa ambapo gilezi imekwaruzika. Kitako kimepinda kidogo, na kuna mahali kimemeguka pa ukubwa wa punje ya mchele. Halafu kuna ufa mwembamba kama unywele unaoshuka kutoka mdomoni kama sentimita 3. Limekuja ndani ya sanduku la mbao nyepesi lenye utepe, kifuniko kina maandishi ya wino.

Fundi mmoja amesema ufa utiwe supa gluu halafu juu yake ipakwe rangi ya dhahabu, kama zile picha za mitandaoni. Maswali yangu: hizi kasoro zote ni za makusudi au bakuli liliharibika? Ufa tuufanyeje? Mtu anaweza kulinywea? Na kwa udongo wetu wa magharibi, chombo cha namna hii kinawezekana?

---

Dunga_Kaure (Kisumu)

Ndugu Lanet, kwanza kabisa, supa gluu isiguse hilo bakuli. Sababu zitafuata.

Maelezo yako yanaelekea kwenye raku nyeusi ya Kyoto, Japani (raku ni vyombo vya chai vinavyofinyangwa kwa mkono), au chombo kilichotengenezwa kwa kuiga mtindo huo. Mtindo ulianzishwa na mfinyanzi Chōjirō, aliyefariki mwaka 1589, akifanya kazi kwa maelekezo ya bwana wa chai, yaani bingwa wa sherehe ya chai, Sen no Rikyū (1522–1591). Kabla yao watu wakubwa walithamini zaidi bakuli za Kichina, laini na zenye ulinganifu. Rikyū akataka bakuli lisilojionyesha: jeusi, linalokaa vizuri viganjani, lenye ukuta mnene ili joto la chai lisichome mkono na lisipotee haraka.

Sasa tuzipitie kasoro zako, maana hazina uzito sawa.

Mdomo unaopanda na kushuka ni wa kawaida. Raku haifinyangwi kwenye gurudumu. Udongo huinuliwa kwa viganja, ukishakauka nusu huchongwa kwa kisu nje na ndani. Mdomo wenye mawimbi matano yaliyotulia ni desturi kabisa.

Alama ya kubanwa ni ya koleo. Raku nyeusi huchomwa kwenye tanuri dogo la makaa linalopulizwa kwa mvukuto, na bakuli huvutwa nje kwa koleo likiwa jekundu kwa moto, kwenye nyuzi karibu 1,200. Gilezi bado ni uji mzito wakati huo, kwa hiyo meno ya koleo huacha jeraha. Weusi wenyewe unatokana na kulipoza ghafla hewani; gilezi ile ile ikipoa polepole tanurini hugeuka kuwa ya kahawia. Mawe yanayosagwa kuitengenezea kijadi hutoka mto Kamo, yana chuma na manganizi.

Kupinda kwa kitako, weka bakuli juu ya meza ya kioo ulisukume kwa kidole. Likitulia, basi kupinda huko ni tabia yake. Likiyumba hadi chai inaweza kumwagika, ni kasoro, na hakuna bwana wa chai angelisifu. Watu wengi hulipita jambo hili. Bakuli la chai ni chombo cha kazi. Ndani chini panahitaji uwanja wa sentimita 5 au zaidi ili upekecho wa mwanzi uzunguke, na ukuta wa ndani uwe laini, la sivyo nyuzi za upekecho hukatika. Nje lipinde litakavyo. Ndani likiwa na mikwaruzo, ni bakuli bovu hata likiitwa la kale.

Ufa na mmeguko ni habari nyingine. Chukua tochi ya simu na kioo cha kukuzia. Ufa uliotokea tanurini huwa na kingo za mviringo, na gilezi imetiririkia ndani yake. Ufa wa baadaye una kingo kali na gilezi imekatika nyeupe au kijivu. Wa kwanza ni sehemu ya kuzaliwa kwa chombo, wa pili ni ajali. Na ufa wa tanurini nao hutibiwa: bakuli jekundu la Hon'ami Kōetsu (1558–1637) liitwalo Seppō lilipasuka vibaya motoni, na nyufa zake zikajazwa laki (utomvu wa mti unaoganda) yenye dhahabu. Bado ni miongoni mwa bakuli zinazoheshimiwa sana Japani.

Sanduku lisiache kuwa karibu na bakuli. Maandishi huweza kutaja aina ya chombo, jina lake, na aliyekitengeneza au aliyekithibitisha. Piga picha kifuniko juu na chini, pande zote nne, na muhuri mwekundu kama upo. Ila angalia pia kama bakuli linaenea vizuri humo. Masanduku mazuri hupewa vyombo vya watu wengine, na muhuri kwenye kitako pekee si ushahidi, kwa sababu umeigwa sana. Bakuli za Chōjirō mwenyewe hazina muhuri.

---

Kondele_Sauti (Kisumu)

Kuna njia rahisi zaidi. Liweke kiganjani, ligonge kwa ukucha. Likilia "ti" ni zima, likilia "pu" limepasuka ndani. Sisi ndivyo tunavyonunua vyombo sokoni.

---

Fundi_wa_Ilesi (Kakamega)

Kondele, kwa kikombe cha kaure uko sawa, lakini kwa raku kipimo hicho kitakudanganya. Raku nzima hulia "pu". Udongo wake una chembe kubwa na haujayeyuka kushikamana kama kaure, umejaa matundu ya hewa. Mlio hauna pa kupita. Anayetafuta "ti" kwenye raku atazitupa bakuli zote nzuri abaki na za kiwandani.

Kipimo kinachofaa ni maji. Bakuli likiwa kavu kabisa, liweke juu ya gazeti, tia maji ya uvuguvugu hadi yapite mwisho wa chini wa ufa, subiri nusu saa. Ukiona nje mstari uliolowa unaofuata ufa, ufa umepenya ukuta. Kitako kizima kikiwa na unyevunyevu tu, huo ni udongo kunywa maji, si ufa.

Sasa swali la kutengeneza huku kwetu, maana hilo ndilo linanihusu.

Inawezekana, lakini si ile nyeusi ya nyuzi 1,200. Udongo mwekundu wa kwetu wenye chuma nyingi ukikaribia 1,150 huanza kuvimba na kulegea, unatoa bakuli kama mkate uliozidi hamira. Lenga raku nyekundu, ya nyuzi 900 hadi 1,000. Vyungu vya kuchomwa kwa nyasi na kuni kwenye uwanja mara nyingi havivuki 900, kwa hiyo udongo unaujua moto huo.

Kinachozuia bakuli lisipasuke linapotolewa likiwa jekundu ni chenga. Wafinyanzi wa vyungu vya kupikia wanalijua hili: udongo mtupu ukipigwa na moto hupasuka, ukichanganywa na mchanga au vigae vilivyosagwa hustahimili, kwa sababu ufa ukianza hugonga chembe na kusimama. Saga vigae vya vyungu vilivyokwisha kuchomwa, pitisha kwenye chekecheo la tundu la milimita moja, changanya robo hadi sehemu tatu kwa kumi ya uzito. Usiache mawe ya chokaa humo. Punje ya chokaa ikichomwa hunyonya unyevu baadaye, huvimba, na wiki chache baada ya bakuli kukamilika inarusha kipande cha ukuta.

Bakuli moja linataka kilo moja hivi ya udongo. Udongo husinyaa sehemu moja kwa kumi au zaidi, basi ukitaka sentimita 12 anza na 13 na nusu. Lipige bapa, inua ukuta kwa viganja viwili huku ukizungusha, liache mnene. Siku inayofuata, likiwa gumu kama jibini, chonga hadi ukuta ubaki milimita 6 hadi 8. Kitako kichongwe kutoka kwenye udongo ule ule, usikibandike. Kitako cha kubandika ndicho hutoka koleoni.

Kausha kivulini wiki nzima, Kakamega wakati wa mvua wiki mbili. Uchomaji wa kwanza panda polepole sana hadi upite nyuzi 150, kisha 900. Gilezi: sehemu 85 za frita ya boroni (kioo kilichosagwa tayari) kwa 15 za kaolini (udongo mweupe). Msitumie risasi ya betri kuukuu hata kama mtu amewaambia inayeyuka vizuri. Inayeyuka, na inaua.

Ukishapaka, weka bakuli juu ya mfuniko wa tanuri likauke hadi liwe moto kuligusa, ndipo liingie. Gilezi yenye unyevu ikiingia motoni inabanduka kama magamba. Tanuri la pipa lililozungushiwa pamba ya kauri na kichomeo kimoja cha gesi linatosha. Ukiwa Nakuru, diatomaiti ya Kariandusi, ule mwamba mweupe mwepesi, huzuia joto vizuri, ila iwe tabaka la nje, isitazamane na moto, na vaa barakoa ukiishika kwa sababu vumbi lake lina silika.

Ukiona gilezi imetulia na inang'aa kama maji, toa. Iache ipoe hewani. Ile ya kutumbukiza bakuli kwenye maranda likafuka moshi ni raku ya Kimarekani, imeenea tangu kazi za mfinyanzi Paul Soldner miaka ya 1960. Ni nzuri kwa mapambo, lakini si desturi ya Kyoto na masizi hujaa ndani ya udongo. Kwa kunywea siipendekezi.

---

Lanet_Vyungu (Nakuru)

Asanteni sana. Nimefanya vipimo. Mezani halitikisiki. Ufa: kingo ni kali, gilezi imekatika. Maji hayakutokeza nje baada ya nusu saa. Ndani ni laini, chini ni pana. Kwa hiyo ufa ni wa ajali lakini haujapenya. Nijazie dhahabu?

---

Milimani_Laki (Nakuru)

Dada au kaka Lanet, jibu langu ni hapana, na nitaeleza kwa kirefu kidogo kwa sababu hapa ndipo bakuli nyingi huuawa na watu wenye nia njema.

Dhahabu ni hatua ya mwisho ya kazi ya laki, na yenyewe haiungi chochote. Kinachounga ni urushi, utomvu wa mti wa jamii moja na mwembe na mkorosho. Utomvu mbichi huwasha na kutoa malengelenge, na mtu ambaye ngozi yake hukataa utomvu wa embe awe na tahadhari mara mbili: glavu, mikono mirefu. Ukimdondokea, aufute mara moja kwa mafuta ya kupikia, kisha sabuni. Maji peke yake huusambaza.

Urushi haukauki kama rangi ya duka. Ndani yake kuna kimeng'enya kinachohitaji unyevu wa hewa ili utomvu ugande. Unataka nyuzi 20 hadi 30 na unyevu wa asilimia 70 hadi 85. Kisumu miezi mingi uko karibu na hapo. Nakuru mwezi wa Januari na Februari hewa ni kavu, na kazi itakaa wiki nzima ikinata kama asali. Tumia katoni yenye taulo lililolowa na kukamuliwa, weka kipima unyevu ndani, fungua kila siku. Ukizidisha unyevu, uso unafunga upesi na kukunjamana huku chini bado ni bichi.

Kwa bakuli lililovunjika vipande, kazi huenda hivi. Unga wa ngano hukandwa na maji hadi uvutike, kisha huchanganywa na urushi mbichi karibu kiasi sawa. Hupakwa kwa wembamba pande zote mbili, vipande hubanwa, hufungwa kwa utepe wa karatasi, na chombo hukaa kwenye unyevu wiki 2 au zaidi. Mabonde hujazwa kwa unga laini wa jiwe uliokandwa na maji na urushi, tabaka kwa tabaka, kila moja chini ya milimita moja. Anayejaza kwa mkupuo mmoja hukuta baada ya mwezi kati bado ni uji. Halafu msasa wa maji, tabaka la urushi mweusi, msasa tena. Mwisho urushi mwekundu mwembamba sana. Unangojea nusu saa hivi hadi ushike kidogo bila kulowesha, ndipo unga wa dhahabu unanyunyizwa kwa pamba ya hariri. Ukinyunyiza mapema dhahabu inazama na kuwa matope, ukichelewa haishiki. Hatua hiyo moja ndiyo inayomtambulisha fundi.

Bakuli lako halihitaji hayo. Ufa haujapenya, na kwa ufa wa namna hiyo kuna njia ya upole. Bakuli lipashwe joto la mkono, urushi mbichi uliopunguzwa kwa tapentaini safi upitishwe juu ya ufa kwa brashi nyembamba, unyonywe, ziada ifutwe papo hapo, lirudi kwenye unyevu. Mara mbili au tatu. Hauonekani kwenye bakuli jeusi, na ufa haushuki tena. Mmeguko wa kitako uacheni. Hakuna mdomo unaogusa hapo, na pale ndipo mnunuzi anayejua ataangalia rangi ya udongo.

Supa gluu sasa. Hulegea kwa maji moto yanayorudiwarudiwa, na kibaya zaidi huingia kwenye matundu ya udongo na kuyaziba, hivyo fundi wa laki akija baadaye urushi hauna pa kushika. Epoksi ya mirija miwili ni ngumu zaidi, lakini nyingi hulainika kwenye joto la chai, na si ya kugusana na kinywaji. Hiyo rangi ya dhahabu kwa kawaida ni unga wa shaba nyeupe au nyekundu, baada ya muda hugeuka kijani.

Ukarabati wa kale nao si lazima uwe wa dhahabu. Kwenye Makumbusho ya Taifa ya Tokyo kuna bakuli la Kichina la rangi ya kijani hafifu liitwalo Bakōhan, lililoungwa kwa pini za chuma. Masimulizi yake ni kwamba mtawala Ashikaga Yoshimasa alilituma China apelekewe jingine kama hilo, halikupatikana, likarudishwa limepigwa pini. Pini zinaonekana wazi kama nzige wamekaa ukutani, na hakuna aliyezifunika. Kwenye Makumbusho ya Gotoh, pia Tokyo, kuna mtungi wa maji wa Iga, eneo la ufinyanzi la Japani, uliopasuka chini kwa moto, na umetunzwa na mipasuko yake. Kila chombo kiliamuliwa kivyake. Picha za mitandaoni zimefanya watu wavunje bakuli nzima ili wapate mstari wa dhahabu, na hilo Rikyū asingelielewa.

---

Dunga_Kaure (Kisumu)

Nakubaliana na Milimani. Naongeza la kunywea, lilikuwa limesahaulika.

Gilezi za zamani za moto mdogo, hasa za raku nyekundu, mara nyingi zilikuwa na risasi. Nyeusi ina hatari ndogo zaidi lakini hujui lako lilitengenezwa wapi. Mpaka lipimwe maabara, lisitiwe kitu kichachu: si ndimu, si ukwaju, wala uji wa wimbi uliochachushwa. Asidi ndiyo inayoing'oa risasi.

Likipita, matumizi ni haya. Lilowekwe kwenye maji ya uvuguvugu dakika 5 hadi 10 kwanza, matundu yashibe maji, chai isiingie ndani. Usimwagie maji yanayochemka kwenye bakuli baridi. Matcha (unga wa chai ya kijani) gramu 2, maji mililita 70, joto la nyuzi 70 hadi 80. Nakuru maji huchemka kwenye 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, kwa hiyo yamimine kwenye kikombe kingine kwanza, yakae dakika chache. Chai ya maziwa hapana kabisa: mafuta ya maziwa huingia kwenye udongo, huoza, na harufu haitoki tena.

Baada ya kunywa, suuza kwa maji matupu, bila sabuni, pindua juu ya kitambaa siku mbili au tatu. Likirudi sandukuni na unyevu, ukungu utaota kwenye kitako na kwenye mbao.

---

Lanet_Vyungu (Nakuru)

Nimewaelewa. Nitawaandikia wenyewe kwamba lisiguswe na gundi, na kwamba picha za sanduku zitangulie uamuzi wa kuuza. Milimani, swali moja: wakati tunasubiri, ufa hauwezi kuongezeka likikaa tu?

---

Milimani_Laki (Nakuru)

Likikaa tu, hapana. Unaongezeka kwa joto la ghafla na kwa namna linavyoshikwa. Lisishikwe mdomoni wala lisiinuliwe kwa mkono mmoja: kiganja kimoja chini ya kitako, kingine ubavuni, upande usio na ufa. Lisikae dirishani juani. Sandukuni lizungushie kitambaa cha pamba kikavu, si gazeti, wino wake hushika kwenye udongo usio na gilezi. Na weka alama ndogo ya penseli mwisho wa ufa, nje. Baada ya mwezi angalia kama umeipita.